Meno ya Almasi na Masikio ya Fundi Eliya

Wanangu, nimestaafu tangu mwaka jana na mpaka leo sijajua kukaa. Watoto wangu wameninunulia kiti cha kamba, wamekiweka barazani hapa Nguvumali, wakaniambia, "Mama, pumzika." Dakika kumi nyingi, nimeshainuka. Nafagia palipofagiwa. Nafungua sufuria ambayo haijachemka. Halafu upepo ukigeuka unaniletea sauti ya msumeno kutoka karakana, na mimi huyo, shingo juu kama kuku aliyemsikia mwewe.

"Hiyo imefumba," nasema peke yangu. "Mwambieni aitoe. Imefumba hiyo!"

Binti yangu hucheka. "Mama, ni kelele tu."

Kelele! Mtu aliyeshika kazi moja miaka ishirini na saba hasikii kelele, anasikia maneno. Na kwa kuwa nyinyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya mawe hunisimamisha kila nikipita na kuniuliza hili na lile, nimeona niseme yote kwa mara moja. Mpangilio siahidi. Kichwa changu hakikai kiti kimoja, kama mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuchomelea meno. Msicheke. Diski ya kukatia granaiti ni sahani ya chuma cha pua, na pembeni yake, kuzunguka mduara wote, kuna vipande vifupi vimebandikwa. Hivyo ndivyo tuliviita meno. Jino likichakaa au likidondoka, diski ililetwa kwangu. Napasafisha mahali pake, napaka dawa nyeupe ya kuzuia kutu ya moto, naweka kijikaratasi cha lehemu ya fedha, nakaza jino jipya, naelekeza mwali wa gesi. Lehemu ikiyeyuka na kutambaa, naondoa mwali na kuacha ipoe yenyewe, taratibu. Ole wake anayemwagia maji ili amalize haraka.

Ndani ya jino mna almasi. Si almasi za pete, hizo sahauni. Ni chembe za kiwandani, za njano njano, ndogo kama chenga za sukari. Huchanganywa na unga wa metali, kobalti na shaba na bati na chuma, kila kiwanda na mapishi yake, kisha hushindiliwa na kuokwa mpaka iwe kitu kimoja. Watu wengi hudhani chuma ndicho kinachokata jiwe. Chuma hakikati granaiti. Almasi ndiyo inayokata. Metali kazi yake ni kuishika almasi, na kujua wakati wa kuiachia.

Hapo kwenye kuiachia ndipo nilipoumbuka mwezi wangu wa kwanza.

Niliingia karakana ile kama mpika chai. Nilikuwa nimetoka kwetu Pangani na mtoto mgongoni, mume kaenda na hakurudi. Karakana ilikuwa ya Sheikh Salim, mtu wa ukoo wa Kiomani uliokuwa na mashamba ya minazi, yeye akaona minazi haitoshi akaingia kwenye mawe. Fundi mkuu alikuwa Fundi Eliya, Mbondei, Mlutheri wa kutoka Muheza, mwana wa wakata mkonge. Alikuwa mfupi, mkimya, vidole vyake vinene kama mihogo. Aliona ninavyomimina chai bila kumwaga tone hata mashine zikitetemesha meza. Akaniambia, "Mkono huo si wa chai." Kesho yake akanipa bomba la gesi.

Basi mwezi ule nikaiona diski moja imetolewa mashineni, meno yake yanang'aa kama kioo. Nikaishika mbele ya mafundi wote nikasema, "Mashaallah, hii imeshinda zote, tazameni ilivyo laini!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Fundi Eliya hakucheka. Alichukua kidole changu akakipitisha juu ya jino.

"Unasikia nini?"

"Ulaini."

"Basi imekufa. Kisu kikiwa laini kama shavu la mtoto, kitakata nini? Hii imefumba."

Akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi, shikeni hili hata mkisahau mengine yote. Jiwe gumu linataka metali laini. Jiwe laini linataka metali ngumu. Najua inasikika kinyume. Granaiti huisaga almasi ikawa butu. Kama metali ni laini, inalika kidogo, almasi butu inadondoka, iliyo chini yake inachomoza na makali mapya. Kama metali ni ngumu, inaing'ang'ania ile butu, jino linang'aa, diski inapiga kelele, inapata moto, na chuma kinapinda. Sasa jiwe letu la matumbawe hapa pwani, na matofali ya saruji, hayo ni laini lakini yana mchanga. Yanaila metali kama panya na mkate. Ukiyapelekea diski ya granaiti, almasi zitadondoka zingali na makali yake, hazijafanya kazi. Kwa hiyo ukienda dukani usiseme "nipe diski ya almasi." Sema unakata nini.

Na ikifumba usiitupe. Chukua tofali la mchanga, lile baya, linalomomonyoka, ulikate mara nne, tano. Mchanga utaila metali, almasi zitafumbua macho.

Jambo lingine, mshale. Kila diski ina mshale wa kuonyesha inazungukia wapi. Kuna mjuaji mmoja aliwahi kuniambia mshale ni urembo. Nyuma ya kila chembe ya almasi metali hubaki kama mkia na kuiegemeza, kama mtu aliyeegemea ukuta. Ukiigeuza diski umeuondoa ukuta. Almasi zote zinaanguka chali, na huyo mjuaji akamaliza diski mpya kabla ya adhuhuri.

Siku hizi mna mashine ya umeme ya kupasha jino, ina koili na kipimo cha joto, inajizima yenyewe. Sisi tulikuwa na macho tu. Lehemu ya fedha huyeyuka chuma kikiwa na wekundu hafifu, kama kaa lililoanza kufunikwa na jivu. Ukizidisha hadi rangi ya chungwa, na sisemi chungwa la Muheza maana hilo huiva likiwa kijani, umeshaiunguza almasi. Nayo almasi huungua, ndiyo. Na chuma cha chini kinapoteza ustahimilivu wake, kinaweza kufanya ufa usioonekana.

Ndiyo maana hakuna diski iliyorudi mashineni bila kugongwa. Unaining'iniza kwenye ufito kupitia tundu lake la katikati, unaigonga kidogo kwa mpini wa mti. Nzima inalia kwa sauti ndefu, kama kengele ya shule. Yenye ufa inasema "tap," kama chungu kilichopasuka. Aliyegonga alikuwa Fundi Eliya.

Sasa nimefika mahali ambapo miguu yangu inataka kuinuka na kwenda kufagia. Nitakaa.

Fundi Eliya alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani zile hatukuwa na vya kuziba masikio; tulitia pamba, wengine hata pamba hawakutia. Mimi niligundua kwa sababu nilikuwa nikimwamkia kwa nyuma, "Shikamoo Fundi," na haitikii, yeye ambaye hajapata kumnyima mtu marahaba. Siku moja aligonga diski, akainamisha kichwa kama kawaida, na nikaona macho yake yananitazama mimi, yakiuliza. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, inalia. Akasema kwa sauti, "Nzima hii, kaifungeni."

Tangu hapo nikawa masikio yake. Hatukuliongea hata mara moja. Aligonga yeye, mimi nimesimama mbele yake nimeshika kitambaa kana kwamba nafuta mikono, yeye ananiangalia, mimi naitikia kwa kichwa. Miaka miwili. Niliona namheshimu mzee. Angejulikana, angepelekwa nyumbani, na mtu wa aina ile nyumbani angefanya nini? Sasa ndiyo najua.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Pangani siku ya pili yake, na mimi nilitaka niondoke mapema niwahi basi, nikapakwe hina na wenzangu. Jino moja lilikuwa limedondoka kwenye diski kubwa. Nikalichomelea mbio mbio. Akili ilikuwa kwenye hina. Nilipotazama, chuma kilikuwa rangi ya chungwa.

Niliondoa mwali. Nikatazama kushoto na kulia. Hakuna aliyeona. Jino lilikuwa limeshika vizuri, limenyooka. Nikaiacha ipoe, nikampelekea Fundi.

Akaining'iniza. Akagonga.

Wanangu, haikusema "tap." Ingesema "tap" ningejua la kufanya, au nadhani ningejua. Ililia, lakini fupi. Ililia ikakatika, kama mtu aliyetaka kusema jambo akabadili nia. Fundi Eliya alinitazama. Safari hii akanong'ona kabisa, "Inalia?"

Nikasema, "Inalia, Fundi."

Aliyekuwa kwenye msumeno alikuwa Mhando, kijana wa rika langu, mwenye maneno mengi na nyimbo za taarabu mdomoni. Nilikuwa nafunga mtandio wangu mlangoni niliposikia mlio kama wa bati linalochanwa, kisha mtu akipiga ukelele. Jino lilikuwa limeng'oka pamoja na kipande cha chuma. Lilimpiga mkono wa kushoto.

Harusini sikufika. Tulikuwa hospitali. Madaktari waliuokoa mkono, ila vidole viwili havikukunjika tena mpaka leo.

Sheikh Salim alituita wote asubuhi yake. Diski ilikuwa mezani, ufa unaonekana, mweusi, chini kabisa ya jino langu.

"Fundi Eliya, diski hii uliigonga?"

Ilibidi arudie, akisogea karibu.

"Niliigonga."

"Ikalia?"

Fundi hakunitazama. "Aliyeisikiliza ni mimi," akasema. "Masikio yangu yameharibika, Sheikh. Siku nyingi. Sikusema."

Akavua aproni yake, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani kando ya diski. Mimi nilisimama pale na ulimi wangu mdomoni, nikautafuta nisiuone. Akatoka. Na juma lile lile Sheikh Salim akaniambia, "Bi Zainabu, wewe ndiye umejifunza kwake zaidi. Shika nafasi yake."

Nikaishika. Mnasikia? Nikaishika.

Majuma matatu sikutulia mahali. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilipanda gari la kwenda sokoni nikateremka njiani, nikarudi kwa miguu. Kila diski niligonga mara kumi, mafundi wakaanza kutazamana. Jumapili ya nne nikavaa buibui langu nikapanda basi la Muheza.

Nilifikiri nitamkuta peke yake. Nikakuta baraza imejaa. Walikuwa wametoka kanisani, wazee wa usharika na kina mama wa kwaya, wanakunywa chai na mihogo. Mkewe, Mama Neema, akanipa kiti cha mbele kabisa. Fundi alifurahi kuniona mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Nikainama sikioni kwake. "Fundi, nina neno nataka nikuambie, faragha."

"Nini?"

"Nasema, nina neno."

"Mwe! Zainabu, sema kwa nguvu. Wajua sisikii."

"Siku ile... ile diski..."

"Sema kwa nguvu!"

Hapo nikaelewa kwamba hakuna njia ya kukiri kwa siri mbele ya kiziwi. Nikasimama katikati ya wazee wa watu, nikapaza sauti kama muuza samaki: "Diski niliiunguza mimi! Nilikuwa na haraka ya harusi! Haikulia vizuri, nikakudanganya!"

Vikombe vyote vilinyamaza. Mama mmoja wa kwaya akasema pole pole, "Yesu wangu."

Fundi Eliya akaunyoosha mkono wake mnene, akakitazama kiganja.

"Nilipoigonga niliiwekea vidole," akasema. "Diski nzima hutetemeka mpaka kwenye kiwiko. Ile ilitetemeka ikakoma. Mkono wangu ulijua, Zainabu. Lakini wewe ulisema inalia, na mimi niliona haya kubishana na wewe, maana ningebishana ungeniuliza, na neno la masikio yangu lingetoka. Kwa hiyo usibebe peke yako. Ila nusu yako ibebe."

"Nifanye nini, Fundi?"

"Mimi nimeshasema kwa Sheikh la kwangu. Wewe hujasema la kwako. Na kuna Mhando." Kisha akamgeukia mkewe. "Mpe chai. Amepiga kelele sana, koo limekauka."

Jumatatu nilisema. Sheikh Salim alinisikiliza akiwa amesimama. "Umenifanya nimdhulumu mzee wa watu," akasema. Hakunifukuza, na mpaka leo sijui kwa nini. Aliniondoa kwenye gesi, akaniweka kwenye tangi la tope, lile linalokusanya maji na unga wa mawe. Mwaka mzima nilizoa tope. Yeye mwenyewe alikwenda Muheza kumwomba radhi Fundi Eliya, na Fundi akarudi siku mbili kwa juma, anakaa, analetewa diski anazisikiliza kwa vidole, anawafundisha wengine. Vya kuziba masikio vikanunuliwa kwa kila mtu. Nyinyi mnaovivua kwa sababu vinatoa jasho, mnikumbuke. Na barakoa, na maji yasikatike kwenye msumeno. Vumbi la granaiti ukilivuta leo litakudai baadaye, ukiwa umeshasahau ulikolipata.

Mhando nilimwendea kwao Chumbageni. Alikuwa amekaa kibarazani, mkono umefungwa. Nikasema yote. Nilitarajia anitukane, nilikuwa tayari.

"Ulisikia?" akauliza. "Ulisikia kwamba si nzima?"

"Nilisikia."

"Halafu ukafunga tu mtandio wako."

Aliingia ndani akafunga mlango, bila kuubamiza.

Aliporudi kazini, na mimi niliporudi kwenye gesi, aliweka sharti moja kwa Sheikh: kila diski niliyochomelea ataigonga yeye. Akaigonga kila moja, miaka yote iliyobaki, kwa mkono wa kulia, mimi nikisubiri. Taarabu hakuimba tena nikiwa karibu. Alinisalimu, alinipa pole nilipofiwa, alikuja kwenye harusi ya binti yangu akala akaondoka. Lakini kwenye upande wake wa karakana, penye msumeno, hakunikaribisha hata siku moja, nami sikujikaribisha. Fundi Eliya alipofariki tulikwenda Muheza ndani ya gari moja, yeye mbele, mimi nyuma. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Sikumuuliza. Hilo si swali la mkosaji kuuliza.

Mhando sasa ndiye msimamizi. Mwali wangu ameushika Hadija, mama wa watoto watatu, mkono mzuri, maneno machache. Mashine ya umeme wanayo, ila umeme ukikatika wanarudi kwenye gesi kama sisi.

Juma lililopita nilikuwa barazani, nimekaa, nimeinuka, nimekaa, nikamwona Hadija anakuja mbio na aproni yake kiunoni.

"Shikamoo Bi Zainabu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Umeme ulikatika, nikatumia gesi. Jino moja nimelizidishia moto. Limeshika vizuri, hata ukiliangalia hulijui. Hakuna aliyeona." Alikuwa anahema. "Nimeigonga, imelia. Nadhani imelia. Mhando ana kazi ya haraka anaisubiri. Nimemwambia nakwenda kununua maji."

Sikumhubiria. Nilitafuta viatu vyangu. Tulikwenda sote wawili, mimi kwa magoti haya, tukaingia mpaka pale kwenye msumeno, na Hadija akamwambia Mhando mwenyewe, neno kwa neno, kama alivyoniambia mimi.

Mhando aliichukua diski. Hakuigonga. Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyemwambia aje?"

"La. Amekuja mwenyewe. Mimi nimemsindikiza tu."

Akaiweka diski chini, upande wa zilizokufa. Akamwambia Hadija, "Chukua nyingine kule ndani. Mteja atangoja." Hadija akaenda. Tukabaki wawili, msumeno umezimwa, maji yanadondoka kutoka kwenye bomba. Nikageuka niondoke, maana nilijua nimesimama mahali pasipo pangu.

"Zainabu."

Akavuta kigoda kutoka chini ya meza, kwa mkono wa kushoto, kwa vile vidole vitatu vinavyokunjika, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Magoti yako hayo."

Nikakaa. Nilikaa mpaka kazi ikaisha.